Kumsimulia Babu Dakika

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekalia kiti cha mhariri. Kirefu, miguu yangu inaning'inia kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Wenzangu wakapiga makofi, tukala keki, kila mtu akarudi mezani kwake. Nikafunga mlango wa kioo. Hapo ndipo nilipojisikia nimefungiwa. Juzi tu nilikuwa nacheka nao. Leo nimepita kuchukua maji — maneno yakakatika katikati.

Miaka ishirini na miwili. Niliingia hapa kusahihisha prufu za matangazo ya vyumba vya kupanga. Siku moja nikaandika kwa penseli, pembeni mwa uhakiki wa filamu: huyu mama halii kwa huzuni, analia kwa hasira. Mwenye safu akashuka na karatasi mkononi, akauliza nani kachafua kazi yake. Nikanyoosha mkono. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Akasema, chukua mkoba, twende ukumbini ukanionyeshe hiyo hasira.

Ndiye Babu Dakika. Jina la ofisini, maana makala yake hufika dakika ya mwisho, si kabla. Mimi namwita Mwalimu. Leo hakuja, alipiga simu tu. Hongera, mwanangu, alisema. Mpanda ngazi hushuka, lakini we panda kwanza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Barua kutoka kwa mwongozaji mmoja wa filamu. Fupi, ya adabu, inachoma. Mhakiki wetu amesifu harusi ya kwenye mvua. Filamu yake haina harusi ya kwenye mvua — waliikata mwezi mzima kabla ya kuionyesha. Imebaki tu kwenye kijitabu wanachogawiwa waandishi.

Mhakiki ni Mwalimu.

Nikatoa kurasa zake za miezi kumi, nikazitandaza sakafuni. Sauti, muziki, viatu kwenye ngazi, mtu anavyovuta pumzi — anaandika hayo kama hakuna mwingine. Nyuso na nguo ni zile zile za kwenye kijitabu. Nilidhani ni mtindo. Na kurasa zote hizo nilizipitisha mimi, nikiwa bado msaidizi wa mhariri.

Mwenye gazeti amesoma barua. Anataka Mwalimu aondoke, na tuombe radhi kwa kumtaja jina. Mwisho Ijumaa ijayo. Nikasema nizungumze naye kwanza. Zungumza, akasema, ila kumbuka wewe ni mhariri wake, si mwanafunzi wake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda kwake. Vyumba viwili, ghorofa ya chini. Saa saba mchana, mapazia yamefungwa, yeye hana habari. Akanimiminia chai, kidole kimeingia kikombeni kidogo, chai ilipokigusa akaacha kumimina. Akasema mwenyewe, basi umeshajua.

Macho yamekuwa yakiondoka miaka mitano sasa. Mwanzo kingo, kisha katikati. Aliyekuwa macho yake ni mkewe. Kila onyesho alikaa kando yake, akimnong'oneza kutoka mwanzo hadi mwisho. Na sisi waandishi, viti vya nyuma, tukiwacheka: tazama wazee, mapenzi hayawaishi! Mkewe alifariki mwaka jana, mwezi wa tano. Miezi kumi. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza.

"Mbona hukuniambia, Mwalimu?"

"Ungeniambia nipumzike."

Ni kweli, ningemwambia.

Kisha akaniomba. Nimpeleke mara moja tu, nimsimulie. Aandike uhakiki mmoja wa haki, aage kwa mdomo wake. Usinitoe kwa tangazo, mwanangu, kama mbwa aliyepotea.

Nimekubali. Sijamwambia mwenye gazeti.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada mkubwa kapiga. Anasema nimepanda cheo nikashusha simu. Akauliza siku hizi nakula na nani. Na wenzangu, nikasema. Mchana nilikula nimesimama, juu ya sinki, sahani moja isichafuke.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Onyesho la waandishi, saa nne asubuhi. Tulikuwa wanane ukumbini. Nilimshika kiwiko kwenye ngazi, akaniambia nisimkokote, yeye si jokofu. Safu ya sita, viti vya pembeni.

Filamu ya mtu aliyekimbia nyumba yake, akamwacha mke na binti mdogo. Miaka thelathini hakuandika hata mstari. Sasa kazeeka, anarudi. Mke ameshakufa. Binti anaishi peke yake mle mle.

Nilianza vibaya. Nikasema, kuna mwanamke jikoni. Akanong'ona, jiko lipi, mwanamke yupi? Nikajaribu tena. Amesimama na mgongo kwetu, kandambili moja imekatika, anaivuta kwa kidole gumba. Enhe, akasema. Tukaenda hivyo. Mdomo wangu sikioni mwake. Ananukia sabuni ya kunyolea ile ile ya zamani. Mtu wa mbele akageuka kututazama, sikujali.

Nimetazama filamu elfu na zaidi. Sijui kama nimewahi kuona kama leo. Kila kitu ilibidi nikione sawasawa ndipo nikitoe. Na sikumbuki mara ya mwisho niliongea na mtu kwa saa mbili mfululizo.

Mwisho wa filamu. Jioni. Yule mzee amesimama mlangoni kwake, sanduku chini. Anabisha hodi. Tunaona mgongo wake tu, na mwanga chini ya mlango. Hodi ya pili. Ya tatu. Mwanga unazimwa.

Basi. Hakuna zaidi. Picha ikaganda hapo, muziki ukaanza, majina yakapanda.

Mwalimu alinikamata mkono. Uso wake ulikuwa umeelekea kwenye skrini, kidevu juu, utadhani yeye ndiye aliyebisha.

"Amefungua?"

"Amefungua," nikasema.

"Binti?"

"Binti."

"Anamwambiaje?"

"Hasemi kitu. Amesogea kando ili apite."

Akashusha pumzi ndefu. Akatoa leso. Taa zikawaka, na mimi nikawa natafuta mkoba wangu ulio mapajani.

Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Sitaki kuandika.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kanisomea uhakiki wake kwa simu, mimi nikaandika. Hana karatasi, ameupanga wote kichwani usiku kucha. Kila nukta anaitaja. Maneno mia saba, na sikugusa hata moja. Ile kandambili imo. Kidole gumba kimo.

Aya ya mwisho yote ni ya mlango. Anasema watengenezaji filamu wa siku hizi wanaogopa msamaha kuliko wanavyoogopa damu, na huyu hakuogopa. Kisha anaaga: kwa miaka arobaini na moja nimekaa gizani nikitazama watu wengine wakiishi, nashukuru kwamba wa mwisho alifunguliwa.

Msanifu wa kurasa amesoma, akavua miwani. Bosi, akasema, hii ndiyo bora kupita zote. Yeye hajaiona filamu.

Nikiichapa ilivyo, atakuwa amesifu tena kitu ambacho hakimo, na safari hii ni mimi niliyekitia. Hakutakuwa na wa kumtetea. Nikiikata aya ile kimyakimya, nimemwibia kwaheri yake. Nikimwambia ukweli — atajua kwamba hata mimi si wa kuaminiwa. Mkewe hakumdanganya hata mara moja, nina hakika. Alimwambia kilichopo.

Mwenye gazeti kaniuliza kama tangazo la radhi liko tayari. Nikasema kesho.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Saa tano kasorobo asubuhi. Ukurasa unaondoka saa sita. Nimempigia Mwalimu mara mbili, nikakata kabla haijaita.

Ya tatu kapiga yeye. Saa nzima kabla ya wakati — Babu Dakika! Hakusalimia. Akataka nimsomee aya ya mwisho. Nikamsomea, polepole.

Nikasikia akiweka kikombe mezani.

Kisha akasema, mwanangu, mlango ule unalia. Filamu nzima, kila anayeingia, bawaba zinalia. Mwisho pale nilitega sikio. Sikuzisikia.

Nikamwambia, subiri kidogo, Mwalimu, kuna mtu ameingia ofisini.

Hakuna aliyeingia. Simu nimeilaza mezani, sijaikata. Msanifu yuko nje ya kioo ananionyesha saa yake ya mkononi. Namsikia Mwalimu anakohoa. Anasogeza kiti. Hakati. Ananiita, si mwanangu, kwa jina langu, mara moja, taratibu, kisha anangoja —