Sauti ya Baba Imetokea Chumbani kwa Mama

Shoga, ngoja nikusimulie.

Si unaijua ile kompyuta ya marehemu baba, ya mfumo wa Linux, si Windows? Imegoma kutoa sauti. Nikawa naijaribu kwa rekodi yake akimwita mama: "Mke wangu, njoo basi." Nimevaa hedifoni, nabonyeza, kimya. Naongeza sauti, kimya. Nabonyeza tena na tena.

Navua hedifoni, namsikia mama chumbani kwake: "Nakuja, baba watoto. Ngoja nivae viatu."

VIATU, shoga!

Kumbe sauti yote ilikuwa inakwenda kwenye spika ya bluetooth, ile iliyo kando ya kitanda chao. Nimeingia kwenye mipangilio, nimeirudisha kwenye hedifoni.

Sasa mama amesimama mlangoni kwangu. Ananiuliza, "Mbona amenyamaza?"

Nimjibu nini?