Gari la Kwenda Njombe

Jumatatu, 23 Juni

Nimeamka, nimepima oili, nimepima maji. Kama kawaida. Tairi mbili za mbele ni mpya. Breki padi mpya. Plagi nimebadilisha jana. Shokapu ya nyuma kushoto inalia. Iache ilie.

Zimebaki wiki mbili. Alhamisi ya tarehe kumi Julai mwanangu Emanueli anapewa upadri huko Njombe, kwenye jimbo lililompokea. Tunatoka Mwanza tarehe saba, Sabasaba, asubuhi. Siku tatu njiani, kwa sababu ya nyonga ya Tereza. Tangu mke wangu alipoteleza bafuni hawezi kukaa wima zaidi ya saa moja. Anatakiwa ashuke, atembee, ajinyooshe, ndipo aendelee. Basi gani litasimama kila saa kumsubiri mama mmoja? Kwa hiyo ni gari hili. La mwaka tisini na sita, gia za mkono, rangi nyeupe iliyobaki kwenye paa tu. Nimetandika godoro dogo kiti cha nyuma.

Njia sina wasiwasi nayo. Miaka ishirini na sita nimeendesha lori la samaki la kiwanda hapa Nyakato. Barabara naijua kuliko watoto wangu.

Jumanne, 24 Juni

Majaribio. Mjini gari limetulia. Hadi Usagara limetulia. Nikashika njia ya Shinyanga, mwendo themanini. Baada ya Misungwi mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilifikiri macho. Si macho. Ulikaribia alama nyekundu nikaegesha pembeni, nikafungua boneti.

Likapoa. Nimerudi mwendo wa arobaini, wenye bodaboda wananipita wakinitazama.

Tereza kauliza limekwendaje. Nimesema vizuri.

Alhamisi, 26 Juni

Masanja kasafisha rejeta. Limetoka tope la kutosha kuotesha mchicha. Nimefurahi. Tatizo ni hilo, basi.

Masanja ni fundi wangu tangu akiwa kijana. Ufundi kajifunzia kwenye lori langu. Msukuma mpole, hana haraka, na hilo ndilo linaloniudhi wiki hii. Anafungua nati moja anaifuta kama yai.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani watu wamenishika mkono. Hongera baba padri. Hongera mzee Magesa. Nimejibu asante kama mwizi anayepokea mzigo.

Hawajui. Au wanajua wananistahi. Miaka saba iliyopita, uani kwangu, mbele ya shemeji zangu wawili, nilimwambia Emanueli kwamba akiingia seminari asinihesabu. Nina mabinti watatu na yeye mmoja wa kiume. Jina la baba yangu lingebebwa na nani? Sisi Wajita jambo hilo si dogo. Alichukua begi lake, akaondoka. Tangu siku hiyo humpigia mama yake kila Jumapili. Simu ikilia mimi hutoka nje kuangalia gari. Gari halikuwa na kitu.

Mwezi wa tatu ilikuja kadi ya mwaliko. Majina yetu wote wawili. La kwangu limetangulia. Niliisoma mara nne, kisha nikamwambia Tereza nitampeleka mwenyewe.

Sikusema lingine. Lakini ukweli ni kwamba wazazi hutembea na mtoto hadi altareni, mmoja kila upande, wakamkabidhi kwa askofu. Nataka kuwa upande mmoja. Ndicho ninachokitaka. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 30 Juni

Nimejaribu tena. Rejeta safi, maji safi. Mshale ukapanda palepale baada ya Misungwi. Haraka kuliko Jumanne ile.

Hasira zikanishika. Nikafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Dereva wa miaka yote hiyo. Hata mtoto wa shule anajua. Maji yameruka, yameunguza kiganja cha kushoto chote. Nimeendesha kurudi kwa mkono wa kulia, gia nikibadilisha kwa vidole viwili.

Tereza kanipaka dawa, kanifunga kitambaa. Hakuuliza limekwendaje.

Jumatano, 2 Julai

Masanja anasema ni gasketi ya hedi. Kafungua injini. Vyuma vimetandazwa juu ya gunia, na mimi nimebakiwa na siku tano. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepelekwa kusawazishwa.

Nimemuuliza ana uhakika? Kajibu, "Mzee, inaweza ikawa hiyo." Inaweza. Neno la fundi.

Tereza kaanza novena jana. Anasali kwa Emanueli, si kwa gari, alinieleza nilipomuuliza. Leo jioni kasema mafungo ya mashemasi yanaanza Jumamosi na simu zote zitazimwa. Emanueli hajui kama nakwenda. Anajua mama anakuja tu, hajui na nani.

"Mpigie mwanao kabla ya Jumamosi."

Nikasema gari likipona nitapiga. Sitaki kumwahidi mtoto kitu halafu nikwame Singida.

"Mficha uchi hazai," kasema, akarudi kwenye rozari yake. Nimetoka nje. Uani hakuna gari, liko gereji. Nimesimama tu.

Ijumaa, 4 Julai

Injini imefungwa. Tumekwenda wote, mimi na Masanja. Usagara safi. Misungwi safi. Nikaanza kupiga mluzi. Kilomita kumi mbele mshale ukapanda.

Nilimwambia Masanja maneno mabaya. Nilimwambia bora angebaki kuchunga ng'ombe wa baba yake. Tulipofika akafungua mlango, akasema, "Mzee, tafuta fundi mwingine," akaenda zake kwa miguu.

Leo ndiyo siku ya mwisho ya simu. Nimeishika. Ningemwambia nini? Nakuja, ila gari linachemsha? Nimeiweka.

Jumamosi, 5 Julai

Siandiki kwa furaha, lakini niandike yote.

Nilikwenda mjini kutafuta gasketi nyingine. Duka la spea la Mama Neema, mwanamke mmoja mfupi mwenye miwani. Sikuwahi kununua kwake. Niliona mwanamke na vyuma wapi na wapi. Leo maduka mengine yalikuwa na foleni.

Badala ya kunipa gasketi akaniuliza maswali. Mjini linachemsha? Halichemshi. Likikimbia safari ndefu? Ndipo. Kilima? Zaidi. Akavua miwani.

"Thamostati ipo?"

Nikamwambia nchi ya joto hii, thamostati ya nini.

"Shikamoo mzee," akasema, ndiyo kwanza ananiamkia. Nikaitika marahaba. "Wazee wote wa Mwanza mmezitoa. Halafu mnakuja kununua gasketi kwangu. Mimi sikatai kuuza."

Akachukua kalamu, akanichorea kwenye boksi. Ni kidude kidogo tu, kinakaa kwenye njia ya maji. Injini ikipata moto kinafunguka, na kikifunguka kinaziba njia ya mkato, maji yote yanalazimika kupita kwenye rejeta kupoa. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji inarudi kwenye injini ikiwa ya moto vilevile. Kwa safari za sokoni hutajua. Kwa Shinyanga utajua.

Nilikitoa mwenyewe. Miaka kumi na nne iliyopita, uani, kwa spana yangu. Nilikionyesha majirani, nikawaambia Wajapani wameweka kwa ajili ya theluji yao, sisi tuna theluji gani hapa? Walicheka. Wengine wakatoa vya kwao. Changu nikakitupa.

Nilitoka dukani nimekishika kidude kwenye mkono mzima. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Masanja. Alikuwa anakula ugali na watoto wake. Nilimwomba radhi mbele yao, kwa sababu nilimtukania baba yake. Nikamwonyesha boksi lenye mchoro.

Alilitazama muda mrefu.

"Lakini ni wewe uliyenifundisha kuzitoa, mzee," akasema. "Kwenye lori. Sijui nimezitoa kwenye magari mangapi."

Aliosha mikono, tukaenda kufunga. Hata saa moja haikuisha.

Jumapili, 6 Julai

Nimeendesha hadi karibu na Shinyanga na kurudi. Mwendo mia. Mshale umefika nusu ukakaa hapo. Nilikuwa nautazama kuliko barabara.

Gari limepona. Nimepiga simu kwa Emanueli. Imezimwa. Nilijua imezimwa. Nimepiga mara tatu.

Tereza alikuwa anakunja kitenge chake. Alinisikia, akaendelea kukunja. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 7 Julai

Singida. Tumesimama mara tisa. Tereza anatembea kuzunguka gari mara tano, anaingia. Mshale nusu. Kiganja kinauma kwenye gia.

Jumanne, 8 Julai

Iringa. Kuna baridi. Tereza kavaa koti langu. Mshale nusu.

Kuanzia Dodoma nimekuwa nikipanga la kumwambia Emanueli. Nina la kuanzia. La pili sina.

Jumatano, 9 Julai

Tumefika Njombe saa nane mchana. Gari halikuchemsha kwenye mlima wowote. Nilidhani nitafurahi.

Sista mmoja katupokea parokiani, ana orodha kwenye karatasi. Akasoma: shemasi Emanueli Magesa, mama mzazi, Tereza. Anayesimama upande wa baba, mzee Mgaya. Akaniangalia, akauliza mimi ni mjomba?

Tereza kajibu kabla yangu. "Ndiye baba yake."

Sista aliona aibu kuliko mimi. Kasema orodha ilipelekwa kwa askofu Jumamosi asubuhi. Shemasi alisubiri hadi Ijumaa usiku ndipo akaandika jina.

Ijumaa. Nilikuwa na simu mkononi Ijumaa.

Baadaye mzee Mgaya mwenyewe kaja tulikofikia. Mkulima wa viazi, mikono mikubwa. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Kumbe Emanueli amekaa likizo zote kwake, miaka yote saba. Aliwahi kuugua malaria mbaya, mzee huyu akalala chini kando ya kitanda chake. Sikuwahi kusikia habari za ugonjwa huo. Tereza alikuwa anazijua. Labda simu hiyo ililia nikatoka nje.

Mzee Mgaya kasema, "Mimi nilikuwa nashika nafasi tu. Wewe umekuja, simama."

Nikamwambia nitafikiri.

Alhamisi, 10 Julai

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala hadi chini. Nilikuwa nafuta kioo cha gari Emanueli alipokuja. Amekonda. Ana ndevu kidogo, sikujua ana ndevu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akauliza tumesafirije. Nikasema salama. Akakiona kiganja, akakishika, akakigeuza. Nikamwambia nilifungua rejeta ya moto.

"Wewe, baba?"

"Mimi."

Nikasema nilichofika nacho, bila mpangilio. Kwamba nilikosea siku ile uani. Kwamba nilitaka kupiga simu Ijumaa na nikasingizia gari. Kwamba mzee Mgaya ananipisha, na mimi nimeamua kukataa, kwa sababu aliyelala chini kando ya kitanda si mimi. Alisikiliza akiwa bado amekishika kiganja. Hakunibishia. Kuna kitu ndani yangu kilitaka anibishie.

"Utakaa wapi?" akauliza.

Nikasema popote.

Nilikaa benchi la tatu, upande wa wanaume. Walipita katikati, Tereza na fimbo yake kulia, mzee Mgaya kushoto, suti imembana mabega. Emanueli katikati yao. Alipolala kifudifudi sakafuni niliona nyayo za viatu vyake. Vimeisha upande mmoja kama vyangu.

Baada ya misa watu walipanga foleni kupata baraka ya kwanza ya padri mpya. Wazazi walitangulia. Mimi nilijiunga nyuma pamoja na wengine, kati ya mwalimu mmoja na mama mwenye mtoto mgongoni. Ilichukua muda. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti. Mikono yake ilikuwa inanukia mafuta aliyopakwa na askofu. Aliniwekea kichwani, akaiacha hapo, akaiacha sana, hadi yule mama nyuma yangu akaanza kumbembeleza mtoto. Kisha akasema maneno ya baraka.

Tereza amelala. Mimi nimekaa nimejifunika blanketi. Keshokutwa tunaanza kurudi. Emanueli anakuja kesho, anataka kula dagaa wa nyumbani tuliokuja nao, na kasema tule wote, na mzee Mgaya.