Chatu Mpole Niliyemchagua Mwenyewe

Sabiti, nimekwama chumbani. Nakurushia vikaratasi dirishani, okota vyote!

Ni yule chatu. Yule niliyemchagua kule Segese mbele ya Bayeye wote, wacheza ngoma ya nyoka, nikajitapa kwamba chatu wangu wa kwanza ni mpole kuliko nyoka wao wote. Mnene, katulia, hata ulimi hatoi.

Alikuwa na mimba, Sabiti. Mimba!

Nilimweka mtungini nikafunika ungo tu. Si mpole? Nimeamka kajiviringisha mlangoni juu ya suruali yangu mpya ya bugaluu, na amelalia mayai. Nikishusha mguu kitandani, ananifokea.

Nikamwita mama. Kaja, kachungulia dirishani, kapiga vigelegele!

"Nyoka wa ngoma akitagia nyumbani ni baraka. Asiguswe mpaka ayaangue."

"Na mimi, mama?"

"Si ulimchagua mwenyewe?"

Baraka, Sabiti! Mimi niko na shuka tu hapa.

Sasa hivi mama kapitisha kuku dirishani. Njaa inaniuma tangu asubuhi, nikapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru.

"Wee, acha! Huyo ni wa mzazi."