Fulana Zilizokosa SI

Jumanne, 4 Novemba

Tumepata oda! Fulana mia tatu, zambarau, za mbio na matembezi ya hisani ya kupinga ukatili wa majumbani. Aliyeleta ni shemeji, dada mkubwa wa mke wangu — yule mwenye sauti ya kengele — ndiye katibu wa kamati. Amekuja mwenyewe karakana. Mbele nembo yao, mgongoni neno moja kubwa: USINYAMAZE. Nikamwambia aende akalale, neno moja haliwezi kunishinda.

Mama Pasi akapiga kigelegele. Tunamwita hivyo kwa sababu kila ninachochapa yeye hukipiga pasi ili wino ukamate. Bila yeye hakuna kazi.

Jioni nampa mke wangu habari, kumbe anazo. Na amejiandikisha. Si kutembea — kukimbia! Kilomita kumi. Mwanamke anayehema akipanda ngazi za hapa nyumbani. Nikacheka. Hakucheka. Anasema mwalimu wa michezo wa shule yao atawafanyisha mazoezi, walimu sita. Shule nzima wanamwita Kocha.

Kocha. Haya.

Jumamosi, 8 Novemba

Ametoka saa kumi na mbili asubuhi, amerudi saa mbili kasorobo. Mazoezi huchukua saa moja. Kwenda uwanjani na kurudi, dakika ishirini. Bado dakika ishirini na tano hazina mwenyewe. Nikauliza kwa upole tu. Eti walikuwa wananyoosha misuli. Nani alimnyoosha nani, sikuuliza.

Alivyorudi anang'aa! Mashavu, macho, kila kitu. Anakunywa maji amesimama, anaimba kidogo. Mimi naye tumelala kitanda kimoja miaka tisa na hajawahi kuamka akiimba.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimemwona huyo Kocha. Nilikuwa nimejiandaa kumwona dume la mbegu, kifua kama kabati. Wapi! Kipara, mwembamba, miguu ya korongo, kaptula imemning'inia. Roho ikaniuma zaidi. Afadhali angekuwa mzuri, ningeelewa.

Nilikuwa kwenye kompyuta napanga herufi za mgongoni. Wakapita nje ya karakana, wote sita na filimbi yao. Mke wangu akasimama afunge kamba ya kiatu, Kocha akamshikia chupa ya maji. Akamwambia kitu. Akacheka — kicheko kile cha zamani, cha kabla hatujaoana, cha kushika kiuno. Mimi nilidhani kimekwisha. Kumbe alikuwa amekiweka.

Nikamaliza neno, nikatengeneza fremu ya kuchapia, nikaanza kuchapa. Fulana arobaini kabla ya chakula cha mchana. Mama Pasi akaniambia taratibu, baba, fulana hazijakukosea.

Jumamosi, 15 Novemba

Raba yake ya kushoto haionekani. Ametafuta nyumba nzima. Binti yetu — miaka minane, na kiherehere chake — ametafuta mpaka chini ya jiko. Haipo. Basi ameenda mazoezini na viatu vya kufundishia, amerudi na lengelenge kisiginoni.

Nimemwosha mguu kwa maji ya moto na chumvi. Nikampaka mafuta. Akasema asante. Tumekaa nusu saa nzima, mguu wake pajani kwangu, bila filimbi, bila mtu. Nimefurahi mno leo.

Raba iko karakana, nyuma ya makopo ya wino. Nitairudisha. Si wizi, nyumba ni moja.

Jumanne, 18 Novemba

Balaa!

Mama Pasi alikuwa kwenye fulana ya mia mbili na kitu, akaniita. Baba, mimi kusoma kwangu kwa kubabaisha, lakini hapa si pameandikwa "unyamaze"? Nikamwambia asome vizuri. Akasoma tena, kidole kwenye kila herufi. Nikaja nikasoma mwenyewe. U-NYA-MA-ZE.

SI haipo! Kwenye zote! Watu mia tatu waingie barabarani kupinga ukatili huku migongo yao inamwambia mwanamke anyamaze. Jasho likanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Na dakika yenyewe naikumbuka — mkono kwenye kompyuta, macho dirishani.

Shemeji akaja mbio, mke wangu nyuma yake. Shemeji akawaka, karakana ikawa ndogo. Mke wangu hakupandisha sauti. Alichukua fulana moja, akaitandaza mezani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Umeandika unachokitaka."

Mbele ya Mama Pasi! Nikasema ni makosa ya uchapaji. Akasema anajua.

Kisha akatoa kwenye mkoba kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Akachora kile kimshale ambacho walimu huchora mtoto akiruka herufi, katikati ya U na N, na juu yake akaandika SI. Shemeji alikuwa katikati ya kunitukana, akakatiza. Iwe hivyohivyo, akasema. Zote, nyekundu, kwa mkono. Kila atakayeiona ataelewa kwamba kuna neno lilifichwa na mtu akalirudisha.

Wakakumbatiana. Mimi nikabaki nimeshika fremu, bwege.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumeandika SI mchana kutwa. Walimu walikuja kusaidia baada ya vipindi. Kocha pia. Mwandiko wake mzuri, bila shaka! Mtu huyu angalau akosee kitu kimoja.

Mama Pasi, ambaye hajui kukaa na swali, akamwuliza kwa nini yeye mwanamume anahangaika na mambo haya. Kocha akasema alikuwa na dada. Alikuwa. Akainama akaendelea na SI yake. Mke wangu akamwekea mkono begani.

Ni mtu wa kuhurumiwa. Najua, najua! Lakini mkono ule niliuhesabu: sekunde nne. Hata msiba wake nauonea kijicho. Nimekuwa mtu gani mimi?

Halafu wino ukaisha. Mama Pasi akaenda nyuma kutafuta kopo jingine, akarudi na raba mkononi. Jamani, hii ya nani? Kila mtu akacheka, eti karakana imeanza kuuza mitumba. Mke wangu hakucheka. Akavua kiatu chake, akaivaa palepale, akafunga kamba mafundo mawili. Hakuniangalia. Aliyeniangalia ni Kocha. Muda mrefu, kama anayenifahamu kutoka mahali.

Ijumaa, 21 Novemba

Amesema. Mtoto alikuwa anaoga. Kwamba Jumapili baada ya mbio wataenda kukaa kwa dada yake, yeye na binti. Kwa muda. Muda gani? Mpaka nipumzike, akasema.

Nikamwuliza ni Kocha? Akacheka, lakini si kile kicheko, ni kingine kikavu.

"Ungependa awe Kocha. Ungejua wa kumchukia."

Nikamwambia anitajie siku moja, moja tu, niliyomwinulia mkono. Akanyoosha vidole. Mlango uliopigwa teke. Simu iliyorushwa ukutani. Saa unayonishikia kila nikitoka. Raba. Kikabaki kidole gumba. Akakiangalia, akasema na hiki ni mimi kunyamaza, miaka yote hii.

Simu niliirusha kitandani. Ukutani ilienda yenyewe.

Sijawahi kumpiga. Naandika hapa ili ibaki: sijawahi kumpiga.

Jumamosi, 22 Novemba

Binti ameenda kulala kwa mama yake mkubwa, watatembea pamoja kesho. Amebeba mdoli, madaftari, mpaka koti la baridi. Kwa siku moja? Mlangoni akanikumbusha nisimcheleweshe mama.

Jumapili, 23 Novemba

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Mbio zimeanza saa moja.

Yuko chumbani. Mimi niko sebuleni. Nimefunga kwa nje — kwa muda tu! Nilitaka tuzungumze. Alikuwa ameshavaa fulana, raba zote mbili, namba kifuani. Nikamwomba dakika kumi. Akasema akirudi. Akirudi wapi? Kwa dada yake? Akageuka achukue chupa ya maji, na mimi mkono ukavuta mlango. Sikupanga.

Amegonga. Ameniita kwa jina langu. Miaka minane halitumii, humu ndani mimi ni "baba" tu. Ameniita mara tatu. Simu yake inaita, ni shemeji. Iko mfukoni mwangu.

Sijampiga.

Nimemwambia mlangoni kwamba nampenda, kwamba wivu ni mapenzi, amuulize mtu yeyote. Nimeweka sikio.

Amenyamaza.

Saa mbili kasorobo. Filimbi! Wanapita mtaani kwetu. Ramani ya njia niliichapa mwenyewe nikasahau. Nachungulia kwenye pazia. Wakimbiaji wamepita zamani, sasa ni watembeaji. Zambarau mtaa mzima. Migongo yote ina mwandiko wangu, na juu yake ule wekundu wake.

Dirisha la chumbani limefunguliwa. Lina nondo, lakini linafunguka. Hakupiga kelele. Ametumia sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho:

"Niko ndani. Nimefungiwa."

Miguu imesimama nje. Yote. Geti linafunguliwa. Ufunguo nimeuweka hapa juu ya daftari, naandika kuuzunguka. Mkono hauuchukui.

Mlango wa mbele unagongwa. Chini, kimo cha mtoto.

"Baba, fungua. Mama anachelewa."