Blanketi Lako Kwenye Sinema

Mtaa wa Larkin, nyumba ya nyuma,
Hollywood, California.
8 Oktoba 1944

Mpendwa Shangazi Orpha,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Kila nikishika kalamu Twila anaamka, na akilala nami nasinzia mezani. Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Baridi ya Nebraska imeshaanza? Sisi hatujambo. Twila ana meno sita na yote ameyajaribia kwenye bega langu.

Emmett yu mzima, bado yuko baharini. Mwanawe hajamwona hata kwa picha, maana nilizotuma hazikufika, na kila barua anauliza anafanana na nani. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Sasa nikwambie jambo. Januari, jirani yangu anayeshona mavazi studio alikuja akisema wanatafuta mtoto mchanga wa kuigiza kwenye filamu ya vita. Nikakubali, ila afungwe blanketi ulilomfumia, kwani bila hilo hanyamazi. Mkubwa wa mavazi akaleta la hariri. Nikamwambia, "Basi umbembeleze wewe." Akacheka akachukua lako, lakini akalitia rangi ya buluu. Eti nyeupe huwaka mno mbele ya taa zile, na buluu hafifu ndiyo hutokea nyeupe kwenye filamu. Nililia kidogo. Misuko yako haikuguswa.

Filamu imetoka na nimeitazama mara tatu. Shangazi, ni nzuri. Askari yuko ndani ya treni, hajamwona mtoto wake. Mkewe anafika kituoni mbio, treni imeanza kwenda, anamwinua mtoto dirishani. Hakuna anayesema neno, hata muziki hakuna. Ni moshi, kioo, kiganja cha yule baba upande wa pili, na blanketi lako likiwaka katikati ya giza lote lile. Najua moshi ule ulitoka kwenye ndoo, na bado nililia. Walioitengeneza wanajua kungoja ni nini.

Emmett sikuwa nimemwambia. Nilitaka kwanza nione kama kipande chetu hakitakatwa.

Wiki iliyopita akabisha hodi baharia mmoja, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Anaitwa Delbert, wa manowari moja na Emmett, amerudishwa kutibiwa. Anasema walionyeshwa filamu hiyo kwenye sitaha, kwenye shuka lililotundikwa. Mtoto alipoinuliwa, Emmett akasimama.

"Huyo binti yangu."

"Kaa chini, unatuziba. Filamu inasema ni wa kiume."

"Lile blanketi la shangazi yangu. Jeupe, la misuko. Kwetu kila mtoto hufungwa lile."

"Mtoto gani hana blanketi jeupe, wewe? Jua limekuingia kichwani."

Tangu siku hiyo wanamwita Baba Sinema. Delbert naye alicheka, lakini Emmett alimwomba apite kwangu aone kwa macho yake.

Nikamletea blanketi. Akaligeuza huku na huku. "Shemeji, hili mbona buluu," akasema polepole, akaona haya kwa ajili ya rafiki yake. Nikamweleza habari za taa. Akaanza kutafuta kwenye pembe kwa kidole, maana Emmett alimwambia pembe moja msuko hupinda kinyume, Shangazi hukosea pale kila mara. Usikasirike, ndivyo alivyosema. Pembe ya tatu akaupata.

Akaomba kumshika Twila kwa mkono wake mzima. "Baba yako ana kelele," akamwambia, "lakini si mwongo. Nitawaandikia wale wajinga wakamwombe radhi."

Kwa hiyo Emmett amemwona mwanawe, Shangazi. Kwa muda wa kupiga chafya tu, lakini amemwona, na wewe ndiwe uliyemwonyesha.

Nisalimie Babu Harlan na binamu Wilma. Mungu awalinde ninyi huko, na yule wetu majini amrudishe akiwa mzima.

Mimi mkweo nikupendaye,
Verna

Ninavyohitaji bado: flaneli ya nepi, pini za nepi kwani huku zimeadimika, na chupa moja ya jemu yako ya plamu. Halafu uzi wa sufu wa kutosha blanketi zima, pamoja na maelezo ya kufuma. Lile kosa la pembeni usilisahihishe. Na uzi uwe mweupe, Shangazi, mweupe kabisa, maana Emmett akiingia mlangoni atatafuta jeupe.