Telex ya Kumuomba Ngoie

Mujukuu wangu Ilunga,

Jambo sana huko mbali. Hapa Kampemba tuko wazima, na dada yako amezaa mutoto mwanamuke, sauti kama sirene ya mugodi.

Unauliza kama nitaelewa hizo e-mail unazotuma kwa kuandika amri tupu mu kompyuta, bila picha za kubofya. Weye! Wakati wa Zaire, miye niliyeacha shule, nilikuwa bingwa wa telex mu biro ya mugodi. Napiga herufi hapa, karatasi inatoka Likasi palepale.

Kule Likasi aliyepokea ni kambo Ngoie, nyanya yako. Siku moja, nilipomaliza habari za shaba, nikaongeza, na lile jina la heshima la Zaire: “Citoyenne Ngoie, utakubali nikuoe?”

Mashine ikaandika: “Haikufika muzuri. Rudilia.”

Nikarudilia.

“Bado. Rudilia polepole.”

Bingwa muzima nikalaumu waya, nikapiga herufi moja moja kama mutoto wa darasa la kwanza. Ndipo akajibu: “Ndiyo, nakubali. Hata ile ya kwanza ilifika. Nilitaka tu kuisoma tena.”

Mupaka leo, akisema hajanisikia, sigombani naye. Narudilia tu.

Ni miye kambo yako, Kasongo