Kifurushi cha Baba Wanja

Jumanne usiku

Bado nacheka peke yangu, na nimelia kidogo pia.

Nilipotoka shifti nilikuta kifurushi mlangoni. Nikakifungua nikidhani ni viatu vyangu vya kazi. Kumbe ni DVD mbili za ngono, alizoagiza Baba Wanja mtandaoni. Mume wangu, mzee wa kanisa...

Aliingia jikoni akaziona mezani. Hakujitetea. Alivuta kiti, akaniambia huku ameinamisha macho, "Mama Wanja, tangu upasuaji wa tezi dume mwili wangu umenyamaza. Nilidhani hizi zitauamsha. Sikutaka unichoke."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, ila hasira iliniisha pale pale. Miezi yote hii nimedhani nimemchusha, ndiyo maana hanigusi. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akiumia kivyake, kitanda kimoja.

Nikamwambia hivyo. Akanitazama kama mtu aliyesikia habari za ajabu.

"Wewe unichushe? Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Kisha nikamuuliza tungezitazamia wapi, maana mashine ya DVD tuliitupa tulipohama kutoka mtaa wa Aston.

"Hilo sikulifikiria," akasema, na tukacheka mpaka akashika ubavu kwa maumivu.

Bado naogopa. Pengine mwili wake hautarudi ulivyokuwa. Lakini Alhamisi anaonana na daktari, na leo, kwa mara ya kwanza, ameniomba niingie naye.